Gari Lililokohoa Asubuhi

Akina mama wenzetu, habari hii ni ya gari, lakini msiiruke mkidhani ni ya akina baba. Sisi pia tulidhani hivyo kwa muda mrefu, na kosa hilo nusura litugharimu ng'ombe.

Nyumbani kwetu Rungwe tuko wanawake watatu: mama wa nyumba, mama mkwe wake ambaye sote tunamwita Bibi, na binti wa pili, ambaye wakati wa mambo haya alikuwa kidato cha tatu. Tunaandika kama watu watatu kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeifanya kazi hii peke yake. Binti wa kwanza alikuwa chuo cha uuguzi, na ada yake ilitoka kwenye ndizi. Ndizi zilikwenda Mbeya mjini kwa gari, na gari lenyewe ni pikapu ya Peugeot 504 ya mwaka 1986, ambayo baba wa nyumba aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali.

Baba alikuwa dereva wa serikali kwa miaka 26. Aliipenda Peugeot kama wengine wanavyopenda mpira. Zamani alikuwa akiwahadithia watoto jinsi gari la aina hii lilivyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na jinsi lilivyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Mwaka 2017 alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakamtoka. Daktari alituambia, "Anaelewa kila kitu, ila neno analolitafuta halimjii." Tuliitikia. Lakini miezi ilivyopita, tukazoea kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Tulimlisha, tulimwogesha, tulimfanyisha mazoezi ya mguu. Kumwuliza jambo tuliacha. Kusubiri jibu lake kulichukua muda, na kazi zilikuwa nyingi.

Mama wa nyumba alijifunza udereva, akapata leseni, tukaendelea na biashara.

Machi 2019, mvua ikiwa haikatiki, gari lilianza kukohoa. Mafundi husema gari "linamisi". Tulikuwa tukiondoka saa kumi na moja alfajiri na mzigo wa ndizi, na kwenye kilima cha kuelekea Isongole injini ilianza kutetemeka, ikivuta kwa kukwamakwama kama mtu mwenye kwikwi. Mara mbili ilibidi tusimame pembeni na kusubiri. Siku ya tatu akina mama wawili tuliokuwa tukiwabebea ndizi zao walihamia kwenye gari la mtu mwingine. Hatukuwalaumu.

Tulilipeleka kwa fundi mmoja wa huku kwetu. Alifungua boneti, akatoa plagi moja, ikatoka imelowa mafuta meusi ya injini. Akatuonyesha na kutikisa kichwa. "Ringi zimekwisha, mama. Hii injini ishushwe." Gharama yake, pamoja na vipuri, shilingi 1,350,000.

Hatukuwa na fedha hizo. Tulikuwa na ng'ombe wa maziwa mwenye mimba ya miezi saba. Tukapata mnunuzi, tukakubaliana aje Jumamosi. Mazungumzo hayo yote tuliyafanya sebuleni Jumatano jioni, baba akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Tulipokuwa tunahesabu kama bei ya ng'ombe itatosha, baba alipiga mkono wa kiti kwa mkono wake wa kushoto. Tukanyamaza. Alihangaika na mdomo kwa muda, jasho likamtoka usoni, kisha akasema neno moja.

"Lini?"

Bibi alidhani anauliza mnunuzi anakuja lini. Akamjibu, "Jumamosi, mwanangu." Baba akatikisa kichwa kwa hasira. Binti ndiye aliyeelewa. "Baba anauliza gari linamisi lini."

Hapo tukatazamana. Fundi hakuwa ametuuliza swali hilo, wala sisi hatukuwa tumejiuliza. Tukaanza kukumbuka, kila mmoja akichangia lake. Alfajiri linamisi. Kukiwa na ukungu linamisi. Kilimani na mzigo linamisi sana. Lakini saa saba mchana tukirudi kutoka Mbeya, jua likiwaka, linavuta vizuri, hata kilima kile kile linakipanda. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua kidole na kukitikisa: hapana. Hakuwa na maneno ya kueleza, lakini tulielewa wenyewe. Ringi za injini hazichakai asubuhi zikapona mchana.

Kwa wale wasiojua, tueleze kwa namna tuliyoielewa sisi. Injini ya silinda nne ni kama akina mama wanne wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Kila mmoja anapiga mara yake ikifika, na mwendo unakwenda sawa. Mmoja akikosa pigo lake, wengine wanayumba, na kazi yote inatetemeka. Ili kila silinda ipige pigo lake inahitaji mambo matatu: mchanganyiko wa petroli na hewa, mgandamizo wa kutosha, na cheche ya plagi kwa wakati wake. Gari likimisi, mojawapo limekosekana mahali fulani. Kazi ni kujua ni silinda ipi, kisha kujua imekosa nini. Kushusha injini ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya maswali yote ya bei nafuu kwisha.

Alhamisi alfajiri hatukwenda Mbeya. Tulimtoa baba na kiti chake mpaka uani, tukamfunika blanketi, tukafungua boneti mbele yake. Ukungu ulikuwa mzito na injini ilikuwa inamisi vizuri tu, ikinguruma pale pale.

Swali la kwanza ni silinda ipi. Namna yake ni hii. Unazima injini, unatoa waya wa plagi moja, unauchomeka kwenye plagi ya akiba iliyofungwa ikagusa chuma cha injini, ili umeme upate pa kwenda. Unawasha tena na kusikiliza. Kama ngurumo imebadilika na mtetemo umezidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kama hakuna kilichobadilika, umempata mvivu wako. Unazima, unarudisha waya, unakwenda kwenye ya pili. Wapo mafundi wanaovuta waya injini ikiwa inawaka. Msiwaige, umeme wa plagi ni volti maelfu mengi, na unaweza kumwangusha mtu. Na jambo jingine: vueni kanga, fungeni vilemba vikaze. Feni na mkanda wake havimjui mama wa nani. Bibi alitaka kushika tochi akiwa na mtandio wake. Baba alimpigia mkono wa kiti mpaka akauvua.

Binti alianza kuhesabu silinda kutoka mbele, kwenye rejeta. Baba akatikisa kichwa na kuonyesha nyuma. Kumbe kwa Peugeot hesabu huanzia nyuma, upande wa mtu aliyekaa kwenye usukani. Basi tukahesabu upya. Ya kwanza ilibadilisha ngurumo. Ya pili ikabadilisha. Ya tatu, kimya: injini ilitetemeka vile vile kama mwanzo. Ya nne ikabadilisha. Tatizo likawa silinda ya tatu peke yake.

Plagi za Peugeot 504 zimezama ndani ya visima virefu juu ya injini, na kuzifikia lazima kwanza utoe kishikizo kirefu cheusi. Kisima cha tatu kilikuwa na mafuta ya injini. Hayo ndiyo fundi aliyoyaona! Lakini binti aliifuta plagi kwa nje kabla ya kuifungua, na ilipotoka tukaitazama ncha yake, ile inayoingia ndani ya silinda. Haikuwa na mafuta ya injini hata kidogo. Ilikuwa nyeusi na imelowa petroli. Ukinusa unapata harufu. Plagi nyingine tatu zilikuwa na rangi ya biskuti, kama inavyotakiwa. Maana yake petroli ilikuwa inaingia lakini haiungui. Yale mafuta yalivuja kutoka juu, kwenye mpira uliokauka kuzunguka kisima. Hatumwiti fundi yule mwizi. Aliona mafuta, akasema ringi, hakutazama yako upande gani wa plagi. Hata geji ya kupima mgandamizo hakuitumia, na kupima hakuhitaji kushusha injini.

Tukakausha kisima kwa kitambaa kwenye kijiti, tukasafisha plagi, kisha baba akatuonyesha kwa vidole viwili: badilisheni. Plagi ya silinda ya tatu tukaiweka ya pili, na ya pili tukaiweka ya tatu. Tulipowasha, injini ilinguruma laini kama cherehani. Bibi alipiga kigelegele. Tulishangilia, tukampigia simu mnunuzi wa ng'ombe kumwambia asubiri kwanza.

Baba peke yake hakufurahi. Alikuwa anatazama juu. Ilikuwa yapata saa tano na nusu, na jua lilikuwa limetoka.

Ijumaa alfajiri, ukungu ukiwa umerudi, gari lilimisi kama kawaida. Tulikaribia kulia. Ndizi za Alhamisi zilikuwa zimeanza kuiva uani. Mama wa nyumba aliingia ndani akasema maneno ambayo hatutayaandika hapa, na Bibi akasema afadhali tumpigie tena yule mnunuzi.

Lakini binti alirudia kuvuta waya mmoja mmoja, na hapo tukapata kitu. Silinda ya tatu bado ndiyo iliyokuwa imekufa, ingawa sasa ilikuwa na plagi ya pili. Plagi iliyoshukiwa ilikuwa silinda ya pili ikifanya kazi vizuri. Kwa hiyo plagi haina kosa. Laiti tatizo lingehama na plagi, tungelimaliza kwa shilingi elfu chache. Kubadilishana vitu mahali ni kipimo kisicho na gharama, na kinasema kweli.

Stoo kulikuwa na waya wa zamani wa plagi. Tukaufunga badala ya ule wa silinda ya tatu. Bado. Waya nao hauna kosa. Tukamgeukia baba. Sasa tulikuwa tumejifunza kusubiri. Ilichukua labda dakika tatu, na dakika tatu za kumtazama mtu akitafuta neno ni ndefu.

"Giza," alisema.

Tulidhani anataka kulala. Binti akaenda kufunga pazia. Baba akapiga kiti. "Gari. Giza."

Usiku ule saa mbili, tulizima taa zote za nyumba na ya uani. Tulinusa kwanza kuhakikisha hakuna petroli inayovuja popote. Bila hivyo mtu asithubutu. Tulichukua chupa ile ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, tukawasha injini, tukasimama mbali na feni, tukanyunyiza ukungu mwembamba wa maji juu ya waya na kwenye distributa. Ikaanza kumisi palepale. Na tukaona. Kwenye kofia ya distributa, kile kifuniko cheusi zinakotoka waya nne, cheche za buluu zilikuwa zinatambaa, zikitoka kwenye mzizi wa waya wa tatu na kushuka ukingoni kwenye klipu ya chuma. Zilikuwa nyembamba kama uzi, zikionekana na kupotea. Bibi alisema, "Ee Bwana!" akarudi nyuma mpaka kwenye banda la ng'ombe.

Tulizima injini. Kofia inashikwa na klipu mbili tu, unazibinya, inatoka. Tulimpelekea baba ndani kwenye taa. Aliishika kwa mkono wake wa kushoto, akaigeuzageuza, kisha akapitisha ukucha ndani yake. Palikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli, kutoka kwenye kituo cha waya wa tatu mpaka ukingoni. Ni ufa mdogo ambao umeme umepita mara nyingi mpaka ukaacha njia ya kaboni. Kukiwa kukavu, cheche bado inafika kwenye plagi. Unyevu ukiingia, umeme unapata njia ya mkato na kuishia kwenye chuma. Na kilimani, ukikanyaga mafuta, mgandamizo ndani ya silinda unaongezeka, hivyo cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka kwenye plagi. Umeme ukiona kazi ni ngumu, unapita kwenye ufa. Ndiyo sababu ilikuwa alfajiri, ukungu, na mzigo.

Baba alicheka. Upande mmoja wa mdomo wake haukusogea, lakini alicheka kwa sauti, na hatukuwa tumeisikia sauti hiyo tangu mwaka 2017.

Bibi aliuliza kama haiwezekani kugundisha ufa kwa gundi. Haiwezekani. Wapo wanaoukwangua mstari kwa wembe na kukausha kofia jikoni, na gari hutulia siku mbili tatu, la kutosha kufika dukani. Sisi tulifanya hivyo Jumamosi asubuhi, tukaenda Mbeya bila mzigo. Vipuri vya 504 havipatikani kila duka siku hizi, tuliingia la tano. Kofia mpya na rota yake zilitugharimu shilingi 42,000. Tulinunua pia mipira ya visima vya plagi, maana mafuta yale yangekuja kutuletea taabu nyingine.

Tulipata somo gumu kidogo siku iliyofuata, akina mama, tulipowasimulia wenzetu wa kwaya. Mmoja alitaka kwenda nyumbani kuvuta waya za gari la mumewe, gari dogo la mwaka 2008. Tukamzuia. Magari ya siku hizi mengi hayana distributa. Kila plagi ina koili yake juu, na kompyuta ndiyo inayosimamia. Hayo husomwa kwa kifaa kinachochomekwa chini ya dashibodi, nacho mara nyingi hukwambia hata namba ya silinda iliyokosa. Kama taa ya injini inawakawaka badala ya kutulia, punguza mwendo, simama mahali salama uzime, maana petroli isiyoungua inaharibu kisafisha moshi kwenye bomba, na bei yake ni kubwa. Lakini swali la baba linafaa kwa gari lolote. Fundi akikwambia injini ishushwe, mwulize amepima nini, na umweleze linamisi lini: likiwa baridi au moto, kukiwa na mvua au jua, kwenye tambarare au kilimani. Ukiwa wewe ndiye unayeendesha kila siku, wewe unajua mambo ambayo yeye hawezi kuyajua kwa kulisikiliza dakika tano.

Mnunuzi wa ng'ombe alikuja Jumamosi jioni, akanywa chai, akaondoka. Ng'ombe alizaa Mei, ndama jike.

Jumatatu ile tulipokuwa tunapakia ndizi alfajiri, baba alikuwa tayari amevaa koti na kofia yake ya zamani ya kazi. Hatukuwa tumempanga kwenye safari. Kumpandisha kulituchukua muda, na tulichelewa kuondoka. Ukungu ulikuwa mzito kupita siku zote, taa zikionyesha hatua chache tu mbele. Alikaa ameinamisha kichwa upande, sikio lake likielekea kwenye injini, kama alivyokuwa akifanya zamani akiwa na wasiwasi na gari. Tulianza kupanda. Hakuna aliyesema neno. Gari lilivuta, likavuta, gia ya pili, na mzigo wote.

Tulipofika Isongole tulimgeukia tumwulize anaonaje. Alikuwa amelala.